Mapato ya Mlangoni Alikula Nani?

Kila mchezaji wa zamani anapofariki, lazima atokee mtu wa kushika kipaza sauti na kututangazia kwamba marehemu alicheza kwa mapenzi. Hakucheza kwa pesa kama hawa vijana wa siku hizi. Alicheza kwa mapenzi ya jezi, mapenzi ya timu, mapenzi ya nchi. Waombolezaji hutikisa vichwa kukubali, na mpiga picha hujisogeza karibu.

Juzi niliyasikia tena hayo katika mazishi ya mzee mmoja aliyevaa jezi ya timu kubwa ya Nairobi miaka ya sabini. Msemaji alikuwa mwanasiasa aliyeshuka kwenye gari ambalo bei yake ingelipa timu nzima ya ligi kuu kwa msimu. Alisema kwa sauti ya kutetemeka kwamba marehemu hakuwahi kudai hata shilingi. Niliitazama nyumba ya marehemu nyuma ya hema. Kama hakudai, ilionekana. Na kama alidai, ilionekana pia kwamba hakulipwa.

Nina swali moja tu, na leo nitalirudia mpaka mnichoke: mapato ya mlangoni alikula nani?

Maana watu waliingia kwa kulipa. Wazee wetu hutusimulia wenyewe, tena kwa kujisifu, jinsi walivyopanga foleni tangu asubuhi nje ya Uwanja wa City, kando ya Barabara ya Jogoo, na jinsi wengine walivyoparamia kuta na miti kwa sababu tiketi zilikuwa zimekwisha. Zimekwisha! Tiketi haiishi kwa kuliwa na panya. Inaisha kwa kununuliwa. Pesa ilitoka mfukoni mwa mfanyakazi wa reli na mpishi wa majumba ya matajiri, ikaingia kwenye kisanduku, kisanduku kikabebwa na mtu, na mtu huyo akaenda nacho mahali. Refa alipata posho yake. Askari aliyewacharaza virungu wasio na tiketi alikuwa na mshahara. Mtangazaji alilipwa na redio. Muuza njugu hakuna aliyemwambia agawe mzigo wake bure kwa mapenzi ya njugu. Katika umati ule wote, waliotakiwa kuishi kwa mapenzi ni 22 tu, wale wale ambao watu walikuja kuwatazama.

Tumtazame Joe Kadenge. Hakuna Mkenya wa rika langu asiyejua maneno “Kadenge na mpira”. Leonard Mambo Mbotela aliyatangaza redioni mpaka yakawa msemo, na leo hata watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya Kadenge kuangika daluga huyasema bila kujua aliyetajwa ni nani. Alichezea Maragoli United, akachezea Abaluhya, akaichezea timu ya taifa, na mabeki wa Afrika Mashariki wakakosa usingizi kwa ajili yake. Baada ya hapo aliendesha teksi hapa Nairobi. Sina ugomvi na teksi, ni kazi halali na ina heshima yake. Ugomvi wangu ni na yule abiria ninayemwona akilini, anayemwambia dereva kutoka kiti cha nyuma, “Mzee, nilikushangilia sana wewe,” kisha anaomba apunguziwe nauli.

Kiharusi kikaja. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alimtembelea nyumbani kwake, na magazeti yakapata picha. Tarehe 7 Julai 2019 Kadenge akafariki akiwa na umri wa miaka 84, na ghafla nchi nzima ikawa ya mashabiki wake. Watu ambao hawakuwahi kumwona hata kwenye picha walieleza chenga zake. Uwanja wa City ukapewa jina lake. Naam, akapewa uwanja! Kubadilisha jina la uwanja kunahitaji madebe mawili ya rangi na fundi mwenye ngazi. Bima ya afya na kiinua mgongo kwa waliovaa jezi ya taifa ndiyo mambo magumu. Hayo yana kamati, yana mswada, yana semina Naivasha.

Msidhani pia kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu. Uingereza, wanakotoka wale ambao nusu ya Nairobi huvaa jezi zao kila Jumamosi, ilikuwa na sheria ya kikomo cha mshahara wa mchezaji. Mpaka Januari 1961, mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata awe nani. Mwaka 1953 Stanley Matthews, mzee wa miaka 38, alicheza fainali ya Kombe la FA pale Wembley mbele ya watu 100,000, na kikomo cha wakati huo kilikuwa chini hata ya hizo pauni 20. Watu 100,000 walipe mlangoni, na mchawi wa siku hiyo arudi nyumbani na ujira wa fundi bomba. Wenye vilabu walikishikilia kikomo hicho kwa meno mpaka chama cha wachezaji, chini ya Jimmy Hill, kilipotishia mgomo. Kikomo kikaanguka. Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100 kwa wiki. Mbingu zilianguka? Miaka mitano baadaye Uingereza ilitwaa Kombe la Dunia, kombe ambalo haikulipata hata mara moja enzi za mapenzi.

Garrincha je? Bingwa wa dunia mwaka 1958 na tena 1962. Brazil ilimwita Furaha ya Watu. Inasimuliwa mpaka leo jinsi klabu yake ya Botafogo ilivyokuwa ikimpa mkataba mtupu autie saini, kisha wao wajaze tarakimu wakiwa peke yao. Alikufa Januari 1983, pombe na ufukara vimemmaliza, ana miaka 49. Mwili wake ukalazwa Maracanã na umati ukamiminika kumlilia. Furaha ile ya watu ilikuwa ikiuzwa kwa tiketi, jamani. Pale pale Maracanã. Mapato ya mlangoni alikula nani?

Na Eusébio, mwana wa Msumbiji, aliyeifungia Ureno mabao tisa katika Kombe la Dunia la 1966. Vilabu vya Italia vilimtaka kwa pesa za kumstarehesha yeye na wajukuu wake. Utawala wa Salazar haukumwachia. Alikuwa mali ya taifa, na mali haiulizwi inataka kwenda wapi. Alipofariki Januari 2014, Ureno ilitangaza siku tatu za maombolezo, na mwaka uliofuata mifupa yake ikahamishiwa kwenye jengo wanakolazwa mashujaa wa taifa. Serikali ni karimu sana kwa mifupa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana najua hoja inayokuja. Mtaniambia enzi zile hakukuwa na pesa. Nchi ilikuwa changa, hazina ilikuwa tupu, kila mtu alijitolea. Kila mtu nani? Nitajieni afisa mmoja wa soka wa miaka hiyo aliyekufa akidaiwa kodi ya chumba Makongeni. Nchi hii hii isiyo na pesa ilifungua Uwanja wa Nyayo mwaka 1983, ikaujenga Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Mwaka huo huo wa 1987 Gor Mahia walitoka sare na Espérance ya Tunisia mabao 2-2 ugenini na 1-1 hapa Nairobi, wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la Afrika. Saruji ilipatikana, vyuma vilipatikana, nyasi zilipatikana. Kilichokosekana ni pensheni ya mfungaji tu.

Kuna hoja nyingine, na hii ndiyo hunichekesha: eti wenyewe hawakulalamika. Huyu anayesema hivyo angetaka walalamike wapi? Kwa mwenyekiti wa klabu aliyekuwa pia mwajiri wao, mwenye nyumba wao na mgeni wa heshima katika harusi zao? Mchezaji wa enzi hizo alipewa kazi ya tarishi bandarini au kwenye shirika la posta, akapewa ruhusa ya kwenda mazoezi saa kumi, akaambiwa ashukuru. Goti likivunjika, kazi nayo inaanza kuchechemea. Kimya cha mtu wa namna hiyo ndicho mnachokiita mapenzi.

Wengine husema pesa huua uzalendo. Haya, twendeni kwenye uzalendo. Tarehe 12 Desemba 1965, sikukuu ya Jamhuri yenyewe, Ghana ilitufunga mabao 13 kwa 2 hapa hapa Nairobi. Mapenzi yalikuwepo tele siku hiyo. Uzalendo ulikuwa bado unanukia rangi, uhuru ulikuwa na miaka miwili tu. Lakini Ghana walikuwa na kitu cha ziada: Rais Kwame Nkrumah alikuwa ameamua kwamba timu ya taifa ni kazi ya serikali, akaigharamia na kuitunza, na wiki chache kabla ya kutukung'uta walikuwa wametwaa Kombe la Afrika kwa mara ya pili mfululizo. Sisi tulikuwa na mapenzi, wao walikuwa na bajeti. Matokeo ndiyo hayo, 13-2.

Halafu mwaone watu wenyewe wanaowasuta vijana kwa kupenda pesa. Ni wale wale wanaoketi kibandani Jumamosi na mkeka wa dau mfukoni, wakiomba Arsenal ishinde na timu fulani ya Uswidi, wasiyojua hata iko mji gani, itoke sare. Hawajaingia uwanjani kutazama ligi ya nyumbani tangu wafunge ndoa. Mtu anayetaka kugeuza shilingi hamsini kuwa elfu hamsini kwa jasho la mwingine hana kinywa cha kumwambia mwenye jasho asiwaze pesa. Hata kamati za mazishi zinajua bei ya kila kitu: hema, viti, spika, mabasi, kitoweo. Nimewahi kuona orodha ya michango ya matanga ya mchezaji wa zamani, yenye fungu la maua kubwa kuliko chochote ambacho klabu yake ilimpa alipovunjika mguu.

Agosti 2025 tulipata jaribio la wazi mbele ya macho ya kila mtu. Kenya, pamoja na Tanzania na Uganda, ilikuwa mwenyeji wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Rais William Ruto aliwaahidi Harambee Stars, timu yetu ya taifa, shilingi milioni moja kwa kila mchezaji, kwa kila ushindi. Wahubiri wa mapenzi walipaswa kutuonyesha pale jinsi pesa inavyoua moyo wa vijana. Wakaifunga DR Congo 1-0. Wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa pungufu kwa kadi nyekundu, Morocco ile ile iliyokuja kubeba kombe. Wakaifunga Zambia 1-0 na kuongoza kundi. Madagascar iliwatoa robo fainali, naam, lakini kwa penalti. Mimi niliwaona Kasarani wakikimbia kwa misuli iliyokaza na kulia kwa machozi halisi. Kama kuna aliyeona mapenzi yakipungua kwa sababu ya milioni, anieleze yalipungua dakika ya ngapi.

Ningenyamaza kama sentensi hii ya “alicheza kwa mapenzi” ingekuwa ya kuwafariji wafiwa tu. Lakini ina kazi nyingine. Kila tunaposema marehemu alicheza bila kudai, tunamwambia aliye hai asidai. Mpwa wangu anacheza katika ligi za chini. Klabu yake, sitaitaja, ilikaa miezi bila kulipa mtu, na wachezaji walipouliza, meneja aliwaita katikati ya uwanja akawahubiria kuhusu magwiji waliocheza pekupeku kwa ajili ya timu yao. Aliwatajia majina ya marehemu mmoja mmoja. Marehemu wakageuzwa kisingizio cha kutolipa mshahara. Wakati huo mlangoni, kama kawaida, kijana mwenye kitabu cha tiketi alikuwa anakusanya.

Wala sitaki ile dawa ya wenye huruma, kwamba tuwatembelee magwiji wakiwa bado hai na kuwapelekea unga na blanketi. Kumpelekea unga mtu uliyemnyima ujira ni kumdhalilisha mara ya pili. Ninachotaka ni mambo makavu yasiyopendeza kwenye hotuba: mkataba ulioandikwa wenye nakala kwa mchezaji, bima inayolipa goti, akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye kila tiketi, na hesabu za mlangoni zibandikwe ukutani kila baada ya mechi ili hata muuza njugu azisome.

Mpwa wangu aliniuliza, “Mjomba, nikidai si watasema sipendi timu?” Nikamwambia: wakikuuliza kama unacheza kwa mapenzi, waambie ndiyo, tena kwa moyo wote. Kisha waulize mshahara unaingia tarehe ngapi.