Nahodha Mpya, Chombo Kilekile



Wengi wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu tuna jamaa waliohamia Nairobi, na baadhi yao wamefanya makao Kibera, mtaa ulioanzishwa na Wanubi, Waislamu wenzetu. Kwa hivyo si ajabu kwamba mjadala uliozuka Silanga ulitufikia hadi huku pwani. Silanga ni kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, karibu na Bwawa la Nairobi, na jina lake lenyewe lina maana ya bwawa. Huko, baada ya Disemba 2024, watu wakitoka swala ya Isha au wakishuka matatu za jioni, swali lilikuwa moja tu: nani awe kocha mpya wa Harambee Stars?

Kwa wasomaji wasiofuatia kandanda, tueleze kwa ufupi. Mwaka 2024 timu yetu ya taifa iliwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja na Kameruni, Zimbabwe na Namibia. Katika mechi sita ilishinda moja pekee, dhidi ya Namibia. Kameruni ilitufunga mabao 4 kwa 1, kisha ikarudia kwa bao 1 kwa bila. Disemba kocha Engin Firat, Mturuki aliyeshika kazi tangu 2021, akajiuzulu. Mwezi huohuo wapiga kura wa shirikisho wakamchagua rais mpya, Hussein Mohammed. Kiti cha kocha kikabaki wazi kwa muda, na mwezi wa Machi 2025 Stars ikakutana na Gambia na Gabon kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia.

Silanga iligawanyika pande mbili. Upande wa kwanza ulitaka mwana wa nyumbani, nao walikuwa na hoja. Ni Jacob Mulee, mashuhuri kwa jina la Ghost, aliyetuongoza Tunisia mwaka 2004, tukaifunga Burkina Faso mabao 3 kwa bila. Upande wa pili ulitaka mgeni, nao pia hawakukosa ushahidi. Ni chini ya Mfaransa Sébastien Migné tulipofika Misri mwaka 2019 na kuwashinda jirani zetu Watanzania mabao 3 kwa 2. Na ni Adel Amrouche aliyetutwalia Kombe la CECAFA mwaka 2013, tena nyumbani.

Mjadala wa namna hii una raha yake, na hatuna nia ya kuwanyima watu burudani. Lakini ulianza kuchacha. Kocha wa nyumbani akitajwa, huulizwa kwanza kabila lake kabla ya kazi yake. Mgeni akitajwa, hutukanwa kabla hajapanda ndege. Maneno haya hayabaki barazani. Huingia nyumbani pamoja na baba na kaka, hukaa nao mezani, na watoto huyasikia na kuyabeba kwenda nayo shuleni. Ndiyo sababu tumeona suala hili linastahili nafasi katika ukurasa wa familia.

Basi natuwatazame jirani zetu wawili. Tanzania ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025 ikiongozwa na Hemed Suleiman, Mzanzibari anayejulikana kwa jina la Morocco. Huyu ndiye aliyeifikisha Zanzibar Heroes fainali ya CECAFA mwaka 2017, pale Machakos, ikatuhangaisha hadi tukaponea kwa penalti. Kumbe kiti hicho alikipokea kutoka kwa Amrouche yuleyule aliyewahi kuwa wetu. Uganda nayo ilifuzu, ikiongozwa na Paul Put wa Ubelgiji. Na Put ni nani? Ni kocha aliyekuwa upande wetu siku ile ya Machakos, akatuachia kombe, na miezi michache baada ya kuajiriwa akaondoka.

Jirani mmoja amefuzu na mwana wa nyumbani, mwingine amefuzu na mgeni, na huyo mgeni tulikuwa naye sisi. Ikiwa wote wawili wamefika na sisi tumebaki, basi pasipoti ya kocha haiwezi kuwa ndiyo dawa wala ndiyo maradhi. Ugonjwa uko kwingine.

Wahenga wetu wa pwani walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kuanzia 2013 hadi 2024 Stars imeongozwa na Amrouche, Williamson, Okumbi, Put, Migné, Kimanzi, Mulee na Firat. Ni manahodha wanane katika miaka isiyozidi kumi na miwili. Mama yeyote anajua maana ya jambo hili. Mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila muhula hujifunza kumzoea mwalimu, hajifunzi somo. Kila ajaye huanza upya alifu na be, na kabla hajafika mbali amekwisha kuondolewa.

Yamkini msomaji atasema kwamba Firat alipewa miaka mitatu. Ni kweli, lakini aliipewa vipi? Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya, na adhabu hiyo haikuondolewa hadi Novemba. Timu ikatolewa katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika bila ya kupiga mpira hata mara moja. Adhabu ilipokwisha, viwanja vikawa tatizo. Nyayo na Kasarani vilipokuwa vikikarabatiwa, mechi zetu za nyumbani dhidi ya Burundi na Kodivaa zilichezwa Malawi, na zile dhidi ya Zimbabwe na Kameruni zikachezwa Kampala. Shabiki wa Silanga, ambaye angeweza kwenda Nyayo kwa miguu, hakuiona timu yake ikicheza. Mwenye nyumba anayekaribisha wageni katika nyumba ya jirani amlaumu mpishi kwa lipi?

Tena kuna jambo la ujira. Amrouche alifutwa mwaka 2014 baada ya kutolewa na Lesotho. Akashtaki, na FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya shilingi milioni 100. Bobby Williamson wa Scotland naye alishinda dai lake kwa kuvunjiwa mkataba. Dini yetu inasisitiza kwamba mfanyakazi apewe haki yake bila ya kuzungushwa, awe jamaa au mgeni. Lakini hata asiyejali dini atakubali kwamba fedha za kumlipa kocha aliyeondoka ni fedha zilizokosa kununua mipira, viatu na mafunzo ya makocha wa mitaani. Hasira ya siku moja hulipiwa kwa miaka, na wanaoilipa ni watoto ambao hawakuwepo ilipoamuliwa.

Katika makelele yote haya, kuna jina ambalo hatujalisikia likitajwa hata mara moja. Oktoba 2024, timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka 17 ilicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Haijapata kutokea kabla ya hapo timu yoyote ya kandanda ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika mashindano hayo. Waliifunga Mexico mabao 2 kwa 1. Kocha wao mkuu alikuwa mwanamke, Mildred Cheche. Hatusemi kwamba lazima apewe Stars. Tunasema kwamba watu wanaotafuta kocha wa Kenya aliyefika mbali, wakapita mbele ya huyu bila ya kumwona, hawajatafuta sawasawa. Na binti zetu wanaosikiliza mjadala huu kutoka jikoni wameuona upungufu huo, hata kama hawakusema.

Kwa hivyo tunawaomba jamaa zetu wa Silanga, na wa huku pwani pia, wabadilishe swali. Badala ya kuuliza kocha ni nani, tuulize ajapo atapewa nini. Je, atakuwa na uwanja wa nyumbani? Je, mkataba wake utaheshimiwa, na muda wake utaachwa utimie? Na je, nani anawafundisha watoto ambao yeye atawahitaji baada ya miaka kumi? Hapo Silanga penyewe wako vijana wanaowakusanya watoto jioni kwenye vumbi, mpira mmoja watoto thelathini, bila malipo wala shukrani. Nao ni makocha. Kumpelekea mmoja wao maji ya kunywa, au kumchangia mpira mpya, kutaifaa Stars kuliko usiku mzima wa kutukanana.

Agosti 2025 Kenya ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, na mwaka 2027, inshallah, tutakaribisha Afrika nzima kwa pamoja na jirani hao. Wageni wako njiani. Nahodha hupatikana, awe wa hapa au wa ng'ambo. Lakini chombo kinavuja, na kukiziba si kazi ya nahodha peke yake.