Nyumba na Gari: Kuuza na Kufunga Usukani Mpya

Ziko spea ambazo mtu huzinunua kwa sababu ile ya zamani imekufa, na ziko nyingine ambazo huzinunua kwa sababu roho imependa. Usukani wa gari la michezo ni wa kundi hili la pili. Ule uliotoka kiwandani bado wazunguka vizuri, hauna ufa wala mlegeo. Lakini mwenye gari ameuona mwingine, mdogo kidogo, wenye ngozi nyeusi na mikono mitatu ya alumini, na tangu siku hiyo hatulii. Hatumlaumu. Usukani ndicho kitu ambacho dereva hukishika tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi, na katika gari la michezo barabara husema na dereva kwa kupitia hapo. Juma hili twapenda kueleza jinsi biashara hii inavyokwenda, jinsi fundi anavyoufunga usukani huo, na jambo moja ambalo muuzaji mara nyingi hulipita kimya.

Tuchukue gari moja tulitumie kama mfano, nalo ni Mazda MX-5. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi wa Februari 1989: gari dogo la watu wawili, paa la turubai, injini ya lita 1.6, na uzito usiofika tani moja. Wahandisi walioliunda, wakiongozwa na Toshihiko Hirai, walishika maneno ya Kijapani «jinba ittai», maana yake mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Watu walilipenda mno, hata mwaka 2016 gari la milioni moja likatoka kiwandani. Lakini linalotuhusu sisi ni hili: gari hilo hilo lilizaliwa na sukani za namna mbili. Lile lililopelekwa Marekani lilikuwa na usukani mnene wenye mfuko wa hewa katikati, ule ambao hufura ghafla gari linapogonga ili kuzuia kichwa na kifua cha dereva. Lile lililouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, katika miaka yake ya mwanzo, kwa kawaida halikuwa na mfuko huo. Tena mwaka 1990 Mazda walitoa toleo liitwalo V Special, rangi yake kijani iliyokolea, na ndani yake usukani wa mti uliotengenezwa na Nardi wa Italia.

Basi mwenye gari la Marekani akitazama picha ya lile la Japani huingiwa na wivu. Huona mti uliong'arishwa, huona mikono myembamba, na kusema, «Kumbe kiwanda chenyewe kiliweka!» Ni kweli, kiliweka. Asichokiona katika picha ni kwamba gari lile halikupoteza kitu, kwa kuwa halikuwa na mfuko wa kupoteza. Lake yeye litapoteza.

Sifa za sukani hizi hazikutoka hewani. Enrico Nardi wa mji wa Turin alianza kutengeneza sukani za mti katika miaka ya 1950, na magari mengi ya fahari ya Kiitalia yalizivaa. Kisha mwaka 1964 dereva wa mashindano Gianpiero Moretti alianzisha kampuni ya Momo, jina lililofinyangwa kutokana na Moretti na Monza, mahali penye uwanja mashuhuri wa mbio. Alitaka usukani wenye ukingo mnene unaojaza kiganja. John Surtees aliutumia usukani wa namna hiyo katika Ferrari yake, na mwaka huo huo wa 1964 akawa bingwa wa dunia. Tangu hapo kijana yeyote mwenye gari dogo ametamani kushika alichoshika bingwa.

Tuje sasa kwenye kununua. Usukani wa namna hii haufungwi moja kwa moja kwenye gari. Katikati yao hukaa kipande cha chuma au alumini ambacho sisi tutakiita kitovu: upande mmoja kina meno yanayoingiana na meno ya shafti ya gari, upande wa pili kina matundu sita ya bolti. Kitovu hununuliwa kwa aina ya gari na mwaka wake, na kwa gari kama MX-5 hapana budi kutaja pia kama lilikuwa na mfuko wa hewa au halikuwa nao. Matundu nayo yana desturi zake. Ya Momo yamepangwa katika duara la milimita 70, ya Nardi milimita 74. Tofauti ni milimita nne tu, lakini bolti haitaingia, na fundi mwenye haraka atachukua keekee apanue tundu. Mkatalie. Viko vitovu vilivyotobolewa kwa vipimo vyote viwili, na muuzaji mwema huuza usukani pamoja na kitovu chake.

Sukani za bandia ni nyingi. Zina jina kubwa katikati na bolti laini nyuma. Ugeuze usukani: wa kweli kwa kawaida una mihuri nyuma ya mikono, yenye kipimo na alama za kukubaliwa na wakaguzi. Ukiwa ni wa mtumba, ulaze juu ya meza iliyonyooka au juu ya kioo. Ukicheza kama meza mbovu, ulikwisha kugongwa, urudishe. Wa mti uchunguze pale mikono inapoingia katika ukingo, maana ufa huanzia hapo.

Jambo la ukubwa nalo watu hulisahau. Usukani wa milimita 350 mahali pa ule wa milimita 380 huhitaji nguvu ya mikono iliyozidi kwa karibu asilimia tisa. Katika gari jepesi lenye mota ya kusaidia usukani hutaona tofauti. Katika lile lisilo na mota hiyo utaiona unapoegesha, na mama watoto ataiona kabla yako.

Sasa lile ambalo muuzaji hulipita kimya. Wakuu wa usalama wa barabara wa Marekani walikadiria kwamba kati ya mwaka 1987 na 2017 mifuko ya hewa ya mbele iliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 katika nchi hiyo. Sheria yao ya shirikisho humkataza mtengenezaji, muuza magari na mwenye gereji kukiharibia kazi kifaa cha usalama kilichowekwa kwa amri ya sheria. Katazo hilo halimtaji mwenye gari anayefanya kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana juu ya maboksi mengi huandikwa kwamba kitu hiki ni cha uwanja wa mashindano tu. Muuzaji amejikinga, mnunuzi amebaki wazi. Uingereza, gari lililozaliwa na mfuko likienda kwenye ukaguzi wa mwaka bila mfuko huo, huanguka. Wajapani nao hutaka jambo dogo ambalo mimi nalipenda: kitufe cha honi kiwe na alama ya honi, ili hata mgeni akiingia garini ajue pa kubonyeza.

Huku kwetu jambo hili linatugusa kuliko tunavyodhani. Magari ya mtumba kutoka Japani hushuka Mombasa na Dar es Salaam, na umri wake umewekewa mipaka: Kenya haipokei yaliyozidi miaka minane, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 haipokei yaliyozidi kumi na mitano. Kwa hiyo karibu kila gari la michezo linaloingia leo lina mfuko wa hewa. Askari aliyeweka akiba yake miaka mingi akanunua gari hilo, kisha kwa ajili ya urembo akaung'oa mfuko, ameuza sehemu ya alichokilipia. Na ile taa nyekundu ya onyo itakayowaka? Ziko gereji zitakazochomeka kipingamizi kidogo cha umeme ili taa izimike. Hapo ndipo mimi huona pamezidi. Atakayelinunua gari hilo baadaye, au mke atakayelipeleka sokoni, ataiona taa imezimika na kuamini kuwa mfuko upo.

Kwa maoni yangu, gari lisilozaliwa na mfuko lipewe usukani wowote ulio imara. Lenye mfuko liachiwe usukani wake, na ukitaka ngozi nzuri, mpe fundi wa ngozi aushonee upya ukingo pasipo kugusa katikati.

Atakayebadilisha, na afanye hivi. Magurudumu ya mbele yatazame mbele, ufunguo utolewe, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Kama gari lina mfuko, asubiri muda uliotajwa katika kitabu cha gari, kwa sababu chombo chake huhifadhi umeme hata betri ikiwa imetengwa. Nyaya za mfuko, ambazo plagi yake kwa kawaida ni ya njano, asizijaribu kwa taa ya kupimia hata siku moja. Mfuko ukishatoka hubebwa na kuwekwa uso wake ukitazama juu. Kisha atie alama kwenye shafti na kwenye usukani wa zamani, alegeze nati bila kuitoa yote, ndipo avute. Nati ile ndiyo itakayouzuia usukani usimpige usoni ukiachia ghafla. Nyundo isiguse ncha ya shafti, kwa kuwa shafti ya gari imeundwa ijikunje wakati wa ajali, na mapigo huiharibu. Kitovu kikiingia, aangalie kuwa kimeshika kile kijino kinachorudisha indiketa, aunganishe waya wa honi, akaze nati kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiasi cha kitabu, na zile bolti sita azikaze kidogo kidogo kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kuzunguka.

Baadaye azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho gari likiwa limesimama, asikilize kama kuna kukwaruza, apige honi, awashe indiketa pande zote mbili. Ndipo aende polepole uwanjani, si barabarani.

Ngozi husafishwa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini kidogo, kisha hukaushwa. Msipake mafuta ya kupikia wala ya kujipaka ili ing'are, mikono itateleza.

Usukani wa zamani usitupwe wala kupewa watoto wauchezee. Ufungeni kwa gunia safi, pamoja na nati na bolti zake katika mfuko wenye jina la gari. Mfuko wa hewa uwekwe peke yake mahali pakavu, pasipo joto, penye kufuli. Siku ya kuliuza gari mnunuzi atauliza ulipo, na akitaka kuurudisha atakuwa na ule wa kiwandani, wala hatakwenda kutafuta wa bandia sokoni. Marekani wamekwisha kutoa onyo juu ya mifuko hiyo ya bandia mwaka 2012, na tena mwaka 2024 juu ya vifaa hafifu vya kuifurisha, baada ya watu kuuawa navyo.