DAWA YA KUFUNGA INJINI MDOMO



Pale Salama, katika barabara ya Mombasa, malori husimama usiku, na mara nyingi utamwona dereva akimimina kopo la dawa ndani ya injini. Tajiri amempigia simu: "Tia dawa, kelele itaisha, endelea na safari." Kweli kelele hupungua. Dawa nyingi za namna hii ni nzito kama asali. Oili ikiwa nzito huufunika ule mlio wa tik-tik, lakini asubuhi ya baridi huchelewa kufika juu kwenye valvu, na huko chuma husagana na chuma. Injini imefungwa mdomo, haikupona.

Labda oili imepungua: chomoa kijiti, upime. Labda nafasi ya valvu imepanuka, na hiyo ni kazi ya fundi na spana yake. Hakuna kopo liwezalo kukaza nati. (Ziko dawa za kusafisha uchafu, nazo mara nyingine husaidia, lakini si za kukisia gizani kando ya barabara.)

Sasa sikilizeni hila yenyewe. Injini ikikwama mlimani, tajiri husema, "Wewe ndiwe uliyetia dawa," kisha hukata mshahara! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi, tena kwa kiasi cha haki. Kutii amri ya tajiri ni makusudi ya nani?

Basi amri ije kwa maandishi. Andika tarehe, kilomita, mlio ulivyo, na jina la aliyeamuru. Akikataa, dawa isitiwe, na lori lingoje fundi.