Kombe Tunalolitamani



Hapa Buxton ubishi hauishi: Kombe la Afrika au Kombe la Ligi? Wengi wasema la Afrika, kwa kuwa Kenya haijalitwaa kamwe. Mimi nasema la Ligi. Feisal walililetea Mombasa mwaka 1965, na tangu hapo halijavuka tena Makupa. Mtoto wa siku ile sasa ni babu.

Bandari walichukua Ngao 2015 na 2019, lakini katika ligi wakaishia wa pili 2018 na 2019. Mimi ni mtu wa reli, wao ni wa gatini; hata hivyo nawashangilia. Ila wengi wetu twaketi barazani tukimlaumu kipa. Wenye zamu ya usiku, mechi ijayo tukutane Mbaraki.