Kujijengea jina ukitafuta kazi: Kiberege wanakujua, Kidatu je?

Mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Ukigawa, ni zaidi ya watu 84 wanaogombea nafasi moja. Hali hii si ngeni. Mwaka 2014, zaidi ya vijana 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji.

Kwenye umati kama huo mwajiri hamjui mtu, anaona karatasi tu. Ndiyo maana vijana wanaambiwa siku hizi wajijengee jina, yaani wajulikane kwa kazi fulani kabla hata ya kuitwa. Ushauri huo mara nyingi huwalenga watu wa mjini wenye kompyuta. Je, kwa kijana wa Kiberege mwenye simu moja na bando la kubana, una maana gani?

Jina lipo, ila halisafiri

Kijijini kila mtu ana jina. Tunamjua fundi ambaye akishika pikipiki yako hairudi gereji wiki hiyo hiyo. Tunamjua anayemaliza kuvuna mpunga siku aliyoahidi, na tunamjua anayepokea hela ya kibarua kisha haonekani.

Shida ni kwamba sifa hiyo inaishia stendi. Mkandarasi wa kukata na kusafirisha miwa kule Kidatu haijui, na mwenye karakana Ifakara mjini haijui pia.

Wazee walituambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wengi wetu tunaona haya kujisemea. Lakini methali hiyo ni ya sokoni, ambako mnunuzi anakishika kitu kwa mkono wake. Mwajiri aliye mbali hawezi kukuona. Kumwonyesha kazi uliyoifanya si majivuno, ni kumpa macho.

Ushahidi wa kubeba

Kwanza ni cheti. Kama ulijifunza uashi, useremala au ufundi magari mtaani, si lazima uanze shule upya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kile unachokijua tayari, na ukifaulu unapewa cheti. Uliza chuo cha VETA kilicho karibu nawe lini wanapima na gharama yake.

Pili ni picha. Piga picha ya mlango kabla hujauchomelea na baada ya kumaliza, ukiwa na ruhusa ya mwenye nyumba. Ziweke kwenye hali ya WhatsApp, ukiandika umefanya nini na unapatikana wapi. Tumia picha zako tu. Ukiiba ya mwenzako, siku ukipewa kazi utaumbuka.

Tatu ni watu. Maombi ya serikali hutaka wadhamini watatu. Chagua wanaoijua kazi yako, waombe ruhusa, na uhakikishe namba zao zinapatikana. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji nayo ni sehemu ya jina lako.

Nne ni karatasi zenyewe. Kazi nyingi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kujisajili kunahitaji namba ya NIDA. Hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Kama jina la cheti na la kitambulisho yanatofautiana, shughulikia mapema, maana tangazo likitoka siku huwa chache. Hata barua pepe ifungue kwa jina lako halisi, usiweke jina la utani.

Wakati nao una maana. Kusaga miwa huanza katikati ya mwaka, masika yakiisha. Anayebisha hodi Mei anawahi kuliko anayekuja Agosti akikuta vikosi vimeshapangwa.

Jina haliumbi kazi

Hapa tuseme ukweli. Watu 84 wakigombea nafasi moja, 83 watarudi nyumbani, hata wote wawe hodari wa kujinadi. Anayesema kijana hana kazi kwa sababu hajajitangaza anamwonea. Kuongeza ajira ni jukumu la serikali na wawekezaji, na ni haki yetu kuwauliza.

Lakini jina jema lina kazi hata nje ya usaili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Ndani ya kikundi, swali la kwanza ni nani anaaminika kurejesha. Hapo sifa yako ya kijijini inapimwa na watu wanaokujua tangu utotoni.

Mwisho, jihadhari. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal ni bure. Akikupigia mtu akidai umeshapata nafasi, utume tu hela ya kufungua faili, huyo ni tapeli. Usimtumie hela wala nakala ya kitambulisho chako. Jina ulilolijenga kwa miaka, akilipata yeye atalitumia kuwaibia wengine.