Bajeti ya Mgeni na Fungu la Matemwe

Raia wa Uingereza anayepanga likizo Zanzibar huandika katika bajeti yake dola 50 za viza na dola 44 za bima, iliyofanywa ya lazima kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Hizo ni dola 94, kabla ya nauli na chumba. Serikali zetu mbili, basi, zimekwisha kujihakikishia mafungu yao. Fungu la Matemwe liko wapi?

Mgeni aliyelipia kila kitu hukohuko Ulaya, chakula na vinywaji vikiwemo, hana sababu ya kuvuka ukuta wa hoteli. Nje ya ukuta huo, maji yakipwa, wanawake wanalima mwani, na manahodha wanasubiri abiria wa kwenda Mnemba.

Sipingi tozo hizo. Bima humfaa mgeni anapougua. Ninachodai ni hesabu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hututangazia idadi ya wageni kila mwezi. Itutangazie pia, shehia kwa shehia, samaki na mboga ambazo hoteli zimenunua kwa wenyeji, na ajira zilizowapa. Hapo masheha na madiwani watakuwa na hoja ya kusimamia wanapokutana na wawekezaji.