Mafuta ya Ubajunini: Mama muuza samaki atafaidi nini?

OKTOBA 12, 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa uamuzi kuhusu mpaka wa bahari wa Kenya na Somalia, simu yangu haikutulia. Jamaa zangu Wabajuni wa Kizingitini waliuliza habari za samaki. Wale wa asili ya Koyama na Chula, waliokimbilia Mombasa baada ya vita vya 1991, waliuliza kama watarudi kwao. Hakuna aliyeuliza habari za ajira.

Mimi niliuliza, kwa kuwa nimeishi kwa mshahara wa mafuta.

Nilikwenda Turkana baada ya Tullow kupata mafuta kisimani Ngamia-1, Machi 2012. Nilikuwa na shahada ya jiolojia. Mwanakandarasi mmoja aliniweka stoo, nihesabu glavu na kofia za chuma. Wanawake wengine tuliokuwa nao walipika, walifua na kufagia, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Wenyeji walipoandamana Oktoba 2013 wakidai kazi na zabuni, kazi zikasimama, na sisi wa mikataba mifupi ndio tulioambiwa tufunge virago.

Lakini Turkana kulikuwa na geti, na nje ya geti mama aliweza kuuza chai. Baharini hakuna geti. Wafanyakazi hupelekwa kwa helikopta, tena wenye cheti cha kujiokoa majini. Binti wa Chovai atakipata wapi?

Somalia ilipitisha sheria ya petroli mwaka 2020, na mwaka 2024 meli ya Uturuki, Oruç Reis, ikaanza kupima bahari yake. Serikali ya Jubaland, yenye makao Kismayu, haielewani na Mogadishu. Watakapokaa kugawana, sidhani visiwa vitakuwa na kiti.

Ninachohofia zaidi ni fidia. Meli ya utafiti ikipita, mashua huamriwa zikae mbali. Lamu, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni kwa madhara ya bandari mpya. Ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, mvuvi ana mashua ya kuonyesha. Mama anayemngoja ufuoni, akanunua samaki kwa mkopo, akamkausha na kumuuza, ana karai na madeni tu.

Jina lake liandikwe daftarini kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa. Kampuni zikishafika, daftari huwa kwao.